Nchi ya Mapambazuko Haikuwa Tupu

Sifa mwanangu,

Tangu siku ile ya Braamfontein unaniamkia kwa adabu kama unayemwamkia mke wa mchungaji. Unaniuliza nimelalaje, unaosha vikombe, unachukua mkoba wako, unatoka. Afadhali ungenifokea. Kesho unapanda ndege, na sitaki adabu hiyo iwe kitu cha mwisho kati yetu. Ndiyo maana leo nimewarudisha wateja, nimeshusha mlango wa saluni nusu ili mwanga wa Jules Street uingie kidogo, nimekaa kwenye kiti chao na kukuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole. Penye shida soma kwa sauti. Masikio yako yanakijua Kiswahili kuliko macho yako.

Mambo ya koti, ya viatu vya theluji, ya kula vizuri na kusali, sitayagusa. Mama Mdogo Zawadi yuko huko Maine miaka mingi, atakuonyesha. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilikupiga kofi barabarani mbele za watu, wewe msichana mzima. Kama unategemea nianze na kuomba radhi, utangoja kidogo. Radhi nitaiomba mahali pake. Kwanza hasira, maana bado ninayo.

Chuo kilipokukubali, ulinisomea ule ujumbe wao wa kukukaribisha, ukinitafsiria mstari kwa mstari huku unarukaruka kitandani. Mwishoni kabisa waliandika kwamba chuo kimejengwa juu ya ardhi ya Wabanaki. Nilicheka. Nilidhani ni watu wa kwetu. Wabembe, Wavira, Wafuliiru, Wabanaki: sikio langu halikuona tofauti. Nikakuuliza huyo Mbanaki ni nani na amefikaje Amerika kabla yako. Na wewe ukacheka, ukasema ni Wahindi wekundu wa zamani, Mama, wenyeji wa kale, ukaendelea kusoma habari za vyumba vya kulala.

Neno hilo lilinikaa. Jumapili, baada ya ibada, nilimpigia Zawadi simu, nikamwuliza kwa mzaha tu, kama anawafahamu hao Wabanaki wenye jina kama letu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema, "Yaya, hao ndio walionirudishia watoto wangu."

Mimi dada yake mkubwa sikujua kwamba watoto wake walikuwa wamechukuliwa.

Wewe unamjua Zawadi wa kwenye simu, anayecheka na kukuuliza kama umepata mchumba. Tulipokimbia vita kule Uvira, Congo, tuliachana. Mimi na marehemu baba yako tulishika njia ya kusini, yeye akavuka ziwa kwenda Tanzania, akazeekea kambini kabla hajazeeka, ndipo Waamerika wakamchukua. Alipofika Maine alipata kazi kiwandani, kusafisha samaki. Zamu ya usiku, kwa sababu mgeni hupewa zamu ambayo wenyewe hawaitaki. Mume hana. Watoto watatu aliwaacha na yule mkubwa, Esperance, msichana wa miaka kumi, kama mimi nilivyoachiwa Zawadi nikiwa na umri huohuo, kama nusu ya dunia inavyoishi. Usiku mmoja Amani, yule mdogo, alilia sana. Jirani akapiga simu kwa polisi. Zawadi aliporudi alfajiri akinuka samaki, alikuta mlango wazi na vitanda vitupu.

Watu wa ofisi ya ustawi wa watoto waliwapeleka Esperance na mdogo wake nyumba moja, Amani nyumba nyingine, kwa wazungu ambao Zawadi hakuruhusiwa hata kujua wanakaa mtaa gani. Alipoitwa ofisini walimpa mkalimani wa Kifaransa kwenye simu. Wameona Congo, wakaandika Kifaransa. Zawadi na Kifaransa! Darasa la tatu aliacha shule. Alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, kwa maneno asiyoyaelewa, na kila ndiyo yake iliwekwa dhidi yake. Na mimi huku nikipiga simu kila Jumapili ananiambia watoto wamelala, watoto wako shuleni, watoto wamekwenda na wenzao kucheza. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilimfokea kwenye simu siku ileile aliyoniambia. Alinijibu kwamba alifikiri ningesema amewatupa. Na kweli, Sifa, pengine ningesema.

Kiwandani, upande wa pili wa meza yake, alisimama mama mmoja mtu mzima anayeitwa Delia, asiyependa maneno. Walikuwa wamekata samaki wakitazamana mwaka mzima bila mazungumzo. Siku moja Delia akaona machozi ya Zawadi yanaingia kwenye samaki, akamwuliza kuna nini. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza Zawadi akamwambia: wamechukua watoto. Delia alivua glavu, akatoka nje, akakaa huko mpaka msimamizi akaanza kumwita. Aliporudi alisema, "Na mimi walinichukua."

Delia ni Mpassamaquoddy. Hilo ni moja ya mataifa ya Wabanaki. Wengine ni Wapenobscot, Wamaliseet, Wamikmaq na Waabenaki. Jina lao maana yake ni watu wa nchi ya mapambazuko, kwa sababu wako mwisho wa bara upande jua linapochomoza, wanaliona kabla ya Amerika yote. Delia alizaliwa kando ya bahari, kwenye kipande walichoachiwa watu wake baada ya nchi nzima kuchukuliwa. Akiwa na miaka mitano gari lilikuja. Mwanamke mwenye gari alimwambia yeye na kaka zake kwamba wanakwenda kutembea. Hawakurudishwa. Nyumba aliyopelekwa, mama wa nyumba alimsugua kwa brashi ya sakafu ili rangi itoke. Akitamka neno la kwao, sabuni mdomoni. Akimlilia mama yake, anaambiwa mama yako ni mlevi, hakutaki, ndiye aliyekutoa.

Alipokuwa msichana wa umri wako alitafuta njia ya kwao kwa kuuliza. Alifika akakuta mama yake amekwisha kufa. Majirani ndio waliomweleza kwamba mama yule alikuwa akienda ofisi ile ya serikali kila alipopata mtu wa kumpakia kwenye gari, anauliza watoto wangu wako wapi, mpaka siku waliyomfukuza na kumwambia akirudi atafungwa. Kaka mmoja wa Delia hajaonekana mpaka leo.

Zawadi alinisimulia hayo akilia, na mimi nililia kidogo, lakini zaidi nilishikwa na kitu kama moto wa kifuani. Nilitaka kumshika mtu. Hapakuwa na mtu wa kumshika, nilikuwa jikoni kwetu Malvern, hapa Johannesburg, na sufuria ya majani ya sombe mkononi.

Delia alimwambia Zawadi, "Wakikuita, usikose kufika hata siku moja. Ukikosa mara moja tu, wataandika kwamba huwataki." Akaomba ruhusa kazini, akaenda naye. Akawaleta wanawake wenzake wa Kibanaki, ambao wengine wao walichukuliwa hivyohivyo na wengine wamechukuliwa watoto na hata wajukuu, nao wamepigana miaka na miaka mpaka serikali ile ikakaa chini kuwasikiliza. Sheria inayowalinda watoto wao haimhusu mtoto wa Kikongo. Lakini milango waliijua, na aina ya watu wanaokaa nyuma ya meza waliijua. Waligoma kuondoka ofisini mpaka akatafutwa mkalimani wa Kiswahili. Kila kesi ilipotajwa, Zawadi alikuta benchi la mahakama limejaa kina mama asiowajua majina, wamekaa tu, wanamtazama hakimu.

Watoto walirudi. Kuhusu siku hiyo Zawadi hukumbuka mambo mengi, ila moja halisemi mpaka ashushe sauti. Amani alishikilia mguu wa yule mzungu aliyemleta, akamlilia. Zawadi alimwita kwa Kiswahili, njoo baba, njoo kwa mama. Mtoto hakuelewa. Alikuwa amechukuliwa akiwa anaanza kuunga maneno, na maneno yenyewe yalikuwa yamefutwa, yamewekwa mengine.

Baada ya hapo nikawa simwachi Zawadi. Kila alipokuwa na nafasi nilimwambia nieleze zaidi juu ya hao watu. Aliniambia walivyomwalika kwao, barabara ndefu yenye misonobari mpaka baharini, watoto wanaendesha baiskeli, ngoma, samaki wa kuchoma, vikongwe wanaotania kama vikongwe wa Uvira. Aliniambia maji ya bomba siku hiyo yalitoka na rangi ya chai, na Delia akasema ni kawaida, tumelalamika tangu sijaota mvi. Aliniambia Delia amerudi kujifunza lugha yake ukubwani, anakaa darasani na wajukuu za wenzake, anatamka vibaya na vitoto vinamcheka, na yeye anacheka navyo. Anasuka vikapu pia, kwa mti fulani wanaoutwanga gogo lake kwa nyundo mpaka mbao inabanduka utepe kwa utepe, wanachanganya na majani yenye harufu tamu. Mama yake alisuka hivyo. Hakuwahi kumfundisha, hakupewa muda. Wengine ndio waliomfundisha.

Halafu siku moja Zawadi alinitumia sauti kwenye simu, nami nilikuwa namsuka mteja. Niliiweka sikioni kwa bega huku vidole vinafanya kazi. Alikuwa anasema Delia amemweleza kwamba zamani, Waingereza walipokuwa wanaipora nchi ile, serikali ilitoa tangazo la kulipa kwa ngozi za vichwa vya Wapenobscot. Nywele na ngozi yake. Ya mwanamume ina bei yake, ya mwanamke ina bei yake, ya mtoto ina bei yake.

Sifa, mimi kazi yangu ni vichwa vya watu. Najua ngozi ya utosini ilivyo laini nyuma ya sikio, najua mahali pa kupitisha kitana taratibu kwa mtoto ili asilie. Kichwa cha yule mteja kilikuwa katikati ya mikono yangu, cha moto, kinaishi. Nilishindwa kuendelea. Nilimwambia nina homa, nikamwomba arudi kesho. Nilivuta kiti nikakaa nje na kutazama teksi zinavyopita.

Ndivyo nilivyokuwa tulipokwenda Braamfontein.

Ule mkutano wa wanafunzi wanaokwenda Amerika, ulisema wazazi wanaruhusiwa, nami nilivaa kile kitenge kizuri. Yule bwana aliongea vizuri, sikatai. Alieleza habari za benki na bima. Kisha akaonyesha picha za Maine, msitu, ziwa, theluji juu ya paa, akasema huko mtapumua, watu ni wachache, na kabla ya walowezi kufika palikuwa msitu tu, nchi tupu.

Tulikuwa tumekaa ndani ya Johannesburg, Sifa. Katika ukumbi ule walikuwamo watu ambao mababu zao waliambiwa nchi hii ilikuwa tupu, kisha wakapakiwa kwenye malori na kutupwa mbali. Hakuna aliyestuka. Niliinua mkono. Kiingereza changu unakijua. Nilisema nchi ile haikuwa tupu na haiko tupu, kuna Wabanaki, kuna Wapassamaquoddy, na jina lile likanikwama mdomoni, nikalitamka mara ya pili, likaharibika zaidi. Watu wakacheka nyuma. Yule bwana alitabasamu, akasema mama ana haki, kuna makumbusho mazuri sana ya watu hao wa kale, mwanafunzi akipata nafasi ayatembelee. Akapita kwenye picha nyingine. Nilikugeukia. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

Hilo ningelimeza. Kuchekwa nimezoea. Ni pale nje, tulipokuwa tunangoja robot, taa ya barabarani, itupe nafasi ya kuvuka, ndipo ulipoanza. Uliniuliza kwa nini lazima kila mahali nianzishe vita. Ulisema unakwenda kusoma, huendi kubeba misiba ya watu usiowajua. Na kisha ukasema lile neno, kwa Kiingereza, lakini nitaliandika kwa lugha yangu ili ulione lilivyo:

"Wale walishindwa, Mama. Ndiyo historia. Kila mahali kuna walioshindwa. Hata ninyi watu."

Ninyi watu. Hukusema sisi.

Neno hilo nalifahamu tangu nifike nchi hii. Wanalisema kwenye foleni ya karatasi, wanalisema kliniki, wanalisema wakati wanapovunja maduka yetu hapa mtaani. Lilipotoka kinywani mwako mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mama mmoja mwuza mahindi akasema eish, akageuza uso. Wewe hukulia. Ulivuka barabara peke yako.

Sasa radhi. Mkono wangu ulikosea. Sikukuzaa ili nikupige njiani kama mwizi, na nimejuta kila asubuhi unaponiamkia. Nisamehe mkono. Hasira siiombei msamaha, na wala usinisamehe kwa ajili yake, kwa sababu nimekaa nayo siku hizi zote nikaichunguza na kuona haikuwa yako yote. Wewe ulipata sehemu ya watu wengine. Sehemu yako ni hii tu: unafikiri kushindwa ni tabia ya mtu, kama urefu. Delia hakushindwa. Alifanyiwa. Mama yake alifanyiwa. Watu wazima wenye tai na kalamu walikaa mezani wakapanga jinsi ya kumfanya mtoto asijue jina la mama yake, na kila jioni walikwenda kwao kula. Ukienda kukaa kwenye ardhi hiyo, soma vitabu vyako, upate hizo alama zako, lakini usiniambie walishindwa.

Na kuna hili jingine, ambalo mimi ndiye nilipaswa kulisema zamani. Ulikuwa na miaka tisa tulipokuwa tunakaa Alexandra, baba yako ameshafariki. Ile Mei wenyeji walipoanza kuchoma wageni, walikuja mlangoni kwetu. Unakumbuka au hukumbuki, hujawahi kuniambia, nami sijawahi kukuuliza. Mmoja aligusa kiwiko chake, akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu; ndivyo walivyompima mgeni. Nilijua mkono, nilijua kidole. Kiwiko sikukijua. Wewe ulipita chini ya mkono wangu, ukajibu, na ukaendelea kuongea, Kizulu cha watoto wa mtaani, chepesi, huku unajikuna. Ulimwuliza anataka nini usiku wote huo na mama yako anaumwa. Wakacheka, wakaenda mlango wa pili. Sauti za mlango wa pili nazisikia hadi leo.

Asubuhi yake nilikukalisha chini, nikakuambia tangu leo tukiwa nje usiniite kwa Kiswahili. Kwenye teksi usinijibu Kiswahili. Dukani, shuleni, hata kanisani kama mlango uko wazi. Ukisahau nilikufinya. Ulikuwa mtoto mwenye akili, hukusahau mara nyingi. Tulipohamia Malvern, ambako kila hatua mbili unakutana na Mkongo au Mrundi, ningeweza kukufungua. Sikukufungua. Niliendelea kuogopa, na woga ukawa mazoea, na mazoea yakawa wewe unayenielewa kila neno na kunijibu kwa lugha ya wengine.

Watu wa kanisani husema wazazi wa hapa tumezembea, tumewapoteza watoto wetu kwa kuiga. Mimi sikuzembea. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na mlango wa bati. Lakini Zawadi aliponieleza Amani hakuelewa neno njoo, nilijiona mimi, vidole vyangu kwenye mkono wako mdogo, kwenye teksi. Kule walituma gari na sabuni. Huku hawakuhitaji kutuma mtu. Walinitisha, nikaifanya kazi hiyo mwenyewe, bure. Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa, Sifa, na uliipokea shavuni bila kuambiwa ni ya nini.

Basi ukifika, Mama Mdogo atakupeleka kwa Delia. Usiende kama mwanafunzi mwenye maswali. Maswali ya wageni wamechoka nayo. Msaidie anachofanya. Akinyamaza, nyamaza. Jifunze kulitamka vizuri jina la watu wake, ulitamke mpaka likae, na siku mwalimu atakaposema palikuwa msitu tu, inua mkono. Watacheka. Kuchekwa hakuui.

Nimesikia watu wakisema mtoto akisafiri mzazi hubaki na amani kwamba amefanya alichoweza. Amani hiyo sina. Sijafanya nilichoweza, nimefanya nilichoachiwa kufanya. Kilichobaki ni saa chache, nami nimeamua jinsi ya kuzitumia.

Kesho kwenye uwanja wa ndege, mbele ya askari na wenye masanduku na yeyote atakayegeuka kututazama, nitazungumza nawe Kiswahili, kwa sauti ya sokoni Uvira. Nitakuuliza mambo ya kawaida kabisa, kama una njaa, kama umelala. Nataka unijibu. Ukikosea, kosea kwa sauti.

Ni mimi mama yako.